Aliyekwenda China kujifunza kungfu amerudi na nini?

 Ndugu msomaji, wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mada ya haki za jirani. Tunaomba radhi kwa kuiahirisha hadi wiki ijayo, inshaAllah. Limetokea jambo katika msikiti wetu ambalo tumeona lina mafunzo kwa kila nyumba yenye kijana.

Jumapili iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, kamati yetu ilikaa kujadili barua ya kijana mmoja wa hapa mtaani mwenye umri wa miaka 23. Aliomba kutumia uwanja wa madrasa siku mbili kwa wiki ili awafundishe watoto kungfu. Kijana huyu amerejea kutoka jimbo la Henan, nchini China, alikokaa miezi 14 katika shule ya mchezo huo. Kikao tulichodhani kitachukua nusu saa kiliendelea mpaka muadhini akasimama kuadhini Magharibi. Na sisi tunaoshika kalamu ya ukatibu tulikuwa na sababu ya kuandika muhtasari huo tukiwa tumeinamisha kichwa. Sababu yenyewe tutaieleza.

Barua iliyocheleweshwa

Kabla ya kusafiri, kijana huyu alikuja kwetu kuomba barua ya utambulisho wa tabia, kwa kuwa amekulia katika madrasa yetu na mara nyingi ndiye aliyekuwa akiadhini Alfajiri. Barua ya namna hiyo huandikwa kwa dakika kumi. Sisi tulimwambia aje kesho, na kesho ilipofika tukamwambia aje wiki ijayo. Zilipita wiki tatu. Hatukuwa na shughuli nyingi kiasi hicho. Ukweli ni kwamba hatukuridhika na safari yake, wala hatukuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo machoni.

Baba yake, mwenye duka dogo la vifaa vya umeme, alikuwa amemlipia ada ya mwaka wa kwanza wa masomo ya uhasibu. Kijana akayaacha masomo hayo katikati, akauza pikipiki yake ya bodaboda, na mama yake, kwa siri, akauza bangili zake mbili za dhahabu ili kujazia nauli. Mzee alipogundua, alisema neno moja tu: kwamba hakumlea mwanawe ili aende akajifunze kupigana katika nchi ya masanamu. Tangu siku hiyo hakuzungumza naye, na siku ya safari hakutoka dukani.

Hatimaye barua tuliiandika, mistari miwili. Hatukumuuliza ataswali wapi, atakula nini, wala ameagana vipi na baba yake. Kunyamaza kwetu hakukumzuia kijana kusafiri. Kulimfanya asafiri bila ushauri. Hilo ndilo kosa letu, na tunalitaja hapa kwa kuwa tunajua misikiti mingine vijana wao wanakuja na barua kama ile.

China na elimu

Waumini wengi wanapoisikia China katika mazungumzo ya elimu hukumbuka maneno yanayonasibishwa na Mtume (s.a.w.) kuhusu kuitafuta elimu hata kama iko China. Mzee mmoja aliyataja kikaoni kumtetea kijana. Ni wajibu wetu kukumbusha kuwa wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo, na wapo walioihesabu kuwa ni ya kuzushwa. Wajibu wa kutafuta elimu una dalili nyingine sahihi, hivyo hatuhitaji kuegemea fimbo iliyovunjika.

Lakini historia ya Waislamu na China haihitaji riwaya hiyo ili iwepo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ndiye huyo huyo aliyeandika baadaye habari za China na mitaa ya Waislamu katika miji yake. Zheng He, amirijeshi wa majini wa dola ya Ming, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba za merikebu, na baadhi yake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga kutoka Malindi alifikishwa China mwaka 1415, na watu wa kasri wakamshangaa. Vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina vimekutwa katika magofu ya Kilwa na Gedi, na vingine vilipachikwa katika makaburi ya wazee wetu wa mwambao. Kwa hiyo kijana wetu hakuwa wa kwanza kuipita njia hiyo, ingawa yeye alikwenda kwa ndege na kwa sababu nyingine.

Shaolin ni nini hasa?

Wengi wetu tuliifahamu kungfu kupitia kanda za video. Filamu ya mwaka 1982 iliyomtoa Jet Li, iitwayo Hekalu la Shaolin, iliwafanya vijana wengi wa China kwenyewe wamiminike katika mji mdogo wa Dengfeng, chini ya mlima Song, ambako hekalu hilo lipo tangu mwaka 495. Hekalu ni la dini ya Kibudha, na hilo halifichwi. Ila lazima tutenganishe mambo mawili ambayo kikaoni yalichanganywa. Kuna hekalu, lenye watawa na ibada zao. Na kuna shule za kungfu zilizotapakaa kuuzunguka mji huo, zenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, ambazo nyingi ni shule za kawaida za bweni. Watoto wa Kichina husoma humo hesabu na lugha, na kufanya mazoezi kwa saa nyingi. Kijana wetu alisoma katika moja ya shule hizo, hakuishi hekaluni.

Neno lenyewe, kungfu, kwa Wachina halina maana ya kupigana. Lina maana ya ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na kwa juhudi, kiasi kwamba hata mpishi hodari husemwa kuwa ana kungfu. Elimu ya mapigano wao huiita wushu.

Kijana anasema alikwenda na ndoto ya kuruka ukutani. Miezi mitatu ya mwanzo hakurushwa popote. Walikuwa wakiamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakikimbia kupanda mlima, kisha wakisimama katika mkao uitwao mabu, yaani mkao wa farasi: miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, mapaja sambamba na ardhi, mgongo umenyooka. Asimame hivyo, asitikisike, mpaka mwalimu aseme basi. Mapaja yaliwaka moto. Usiku alikuwa akishuka ngazi za bweni kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutembea. Ubavuni mwake walisimama watoto wa miaka minane wakimtazama wakicheka, nao hawatikisiki.

Katika mwezi wa tano aliumia goti. Alipopona, mwalimu alimwambia kwa upole kwamba umri wake umeshapita kwa wanaotafuta medali. Atajifunza na atakuwa mzima wa afya, lakini bingwa hatakuwa. Anasema usiku ule alilia kuliko siku aliyoondoka nyumbani, akafikiria bangili za mama yake.

Ndugu zetu Wahui

Ataswali wapi na atakula nini? Maswali hayo mawili ambayo sisi hatukumuuliza aliyajibiwa na muuza tambi. Karibu na shule palikuwa na mgahawa wenye kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu na maneno mawili ya Kichina, qingzhen. Maana yake ni safi na kweli, na ndivyo Waislamu wa huko wanavyouita msikiti na chakula cha halali. Aliingia akatoa salamu. Mwenye mgahawa aliacha unga mikononi akaitikia kwa sauti. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, na siku ile ilitosha.

Watu hao ni Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, ambao idadi yao inazidi milioni 10. Henan ni miongoni mwa majimbo wanakoishi kwa wingi, na mji wake mkuu, Zhengzhou, una wilaya inayoitwa kwa jina lao. Imamu wao humwita ahong. Jimbo hilo lina jambo ambalo akina mama wasomaji wa ukurasa huu watapenda kulijua: ipo misikiti ya wanawake peke yao, yenye walimu wa kike. Mmojawapo katika mji wa Kaifeng una umri wa karibu miaka 200.

Kupitia kwa ndugu hao kijana alijifunza jambo ambalo kanda za video hazikumwambia: sehemu kubwa ya elimu ya mapigano ya China ilitunzwa na Waislamu. Mtindo wa Chaquan umehusishwa na jamii za Wahui wa Shandong kwa karne nyingi. Mtindo wa Bajiquan umekita mizizi Mengcun, wilaya ya Wahui katika jimbo la Hebei. Huko huko Hebei, katika mji wa Cangzhou, alizaliwa mwaka 1881 Wang Ziping, Muislamu aliyesifika kwa nguvu na pia kwa kutibu mifupa iliyovunjika. Mwaka 1928, ilipofunguliwa taasisi kuu ya taifa ya michezo hiyo mjini Nanjing, yeye alikabidhiwa kitengo cha Shaolin. Msomaji na atafakari: kitengo chenye jina la hekalu la Kibudha, mwalimu wake ni mtu wa msikitini. Alifariki mwaka 1973, na binti yake, Wang Jurong, akawa profesa wa fani hiyo.

Kwa nini Waislamu hawa walishikilia elimu hiyo? Walikuwa wachache katika nchi kubwa. Wengi walikuwa wafanyabiashara na wasindikizaji wa misafara, na kujilinda kwao kulikuwa sehemu ya kuishi. Katika baadhi ya misikiti yao ua ulikuwa mahali pa mazoezi. Hatuandiki haya kana kwamba hatujasikia habari za ndugu zetu Wauighuri wa Xinjiang. Jambo hilo ni zito na linastahili ukurasa wake. Lakini uzito wake usitufanye tuwasahau Waislamu wengine wa nchi hiyo kana kwamba hawapo.

Pale paji la uso linapotakiwa chini

Tumefika kwenye swali lililokichelewesha kikao. Je, kijana aliwasujudia walimu wake?

Salamu ya kila siku ya mchezo huu hufanywa kwa kusimama: ngumi ya mkono wa kulia huwekwa kwenye kiganja cha kushoto mbele ya kifua. Hiyo haina rukuu wala sijda. Lakini ipo desturi nyingine, nayo huitwa baishi. Mwanafunzi anayetaka kuwa mfuasi wa ndani wa mwalimu, sawa na mtoto wa nyumbani, hufanyiwa sherehe. Kwa kawaida huchomwa ubani mbele ya picha za walimu waliotangulia, naye hupiga magoti na kugusisha paji la uso chini. Baada ya hapo mwalimu humfungulia mlango wa elimu asiyoitoa kwa wanafunzi wa kulipa ada.

Mwezi wa kumi, kijana wetu aliitiwa mlango huo. Mwalimu alikuwa amempenda kwa uvumilivu wake. Tujiweke mahali pake: goti limemuuma, ndoto ya ubingwa imekufa, baba hazungumzi naye, na hapo anapewa heshima pekee aliyopata kupewa katika safari nzima. Hakuna wa kumwona. Alimwambia mwalimu, kwa Kichina chake cha kuungaunga, kwamba paji lake la uso huligusisha chini mara nyingi kila siku, nalo halina nafasi ya mwingine. Akaomba amtumikie kwa mikono badala yake. Mwalimu alinyamaza, kisha akasema vema, atabaki kuwa mwanafunzi, ila mfuasi hatakuwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Yapo mambo ambayo wenzake walifundishwa jioni na yeye hakufundishwa. Kila siku ya miezi minne iliyobaki alifagia ukumbi wa mazoezi kabla ya wengine kuamka.

Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa iwapo mtu akutanapo na nduguye amwinamie, akakataza. Alipoulizwa kuhusu kupeana mikono, akaridhia. Kijana aliisoma Hadithi hiyo katika madrasa yetu akiwa na miaka 11. Tulipomsikia akisimulia kikaoni, mzee aliyekuwa mkali kuliko wote alivua miwani akaifuta kwa kanzu, na hakusema tena mpaka mwisho.

Dukani kwa baba

Angerudi na habari hizo tu, safari ingekuwa nzuri ya kusimulia. Lakini yapo mambo ambayo hayakunyooka. Kuna Hadithi katika Bukhari na Muslim ya mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Aliulizwa kama wazazi wake wako hai, na aliposema ndiyo akaelekezwa ajitahidi katika kuwahudumia. Ikiwa jihadi yenyewe iliulizwa swali hilo, mazoezi ya kungfu yataliepuka vipi?

Kijana alilijua hilo. Kesho yake baada ya kurejea alikwenda dukani alfajiri, akamkuta mzee akifungua kufuli. Alitoa salamu, mzee akaitikia kama anavyomuitikia mteja. Kijana akachukua ufagio. Alifagia, akapanga mabunda ya nyaya, akabeba maboksi, akaondoka adhuhuri. Kesho yake akarudi. Wiki sita zilipita hivyo bila mazungumzo. Mama yake ndiye aliyetusimulia, akicheka na kujifuta machozi, kwamba siku moja mzee aliuliza kutoka chumbani: "Huyu mwanao kesha kunywa chai?" Siku ile ndipo mama alipojua kuwa moyo wa mzee umelegea.

Hatusemi kuwa yote yamekwisha. Ada ya uhasibu haijarudi, na bangili ziko kwa sonara. Lakini Jumapili ile mzee alikuja kikaoni, akaketi safu ya nyuma. Mwenyekiti alipomuuliza anasemaje kuhusu ombi la mwanawe, alijibu: "Mimi simjui kungfu ni nani. Ninachojua ni kwamba kijana niliyemuaga vibaya alikuwa hawezi kukaa dukani saa moja bila kutazama simu. Huyu aliyerudi anaweza kungoja."

Uamuzi wa kamati na nasaha zetu

Sote tunaikumbuka Hadithi inayomsifu Muumini mwenye nguvu, na ile inayobainisha kuwa shujaa wa kweli ni anayejizuia wakati wa ghadhabu. Imethibiti pia kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bi Aisha (r.a.) huku akimwachia atazame mpaka akatosheka. Kwa kuyazingatia hayo, kamati imeridhia mazoezi yafanyike uwanjani Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri, kwa masharti: hakuna kumpiga mtu usoni, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza, mavazi yasitiri, hakuna kuinamiana, na adhana ya Magharibi ikisikika, kila mmoja aelekee penye udhu. Akina mama waliuliza kuhusu binti zao. Swali lao ni la haki, na tumewaahidi kutafuta mwalimu wa kike badala ya kuwafungia mlango.

Kwa wazazi na vijana wanaofikiria safari kama hii, tunashauri yafuatayo:

Kwanza, kijana asiondoke akiwa na ugomvi na mzazi. Hata kama ridhaa itachelewa, aingojee, awatume wazee wamsemee.

Pili, aulize mapema iwapo shule anayokwenda ni shule ya kawaida au ni ya hekalu, na sherehe zake zinamtaka afanye nini.

Tatu, kabla ya kukata tiketi, ajue msikiti ulio karibu na mahali pa kupata chakula cha halali. Kibao cha qingzhen asaka tangu siku ya kwanza.

Nne, aende akijua kuwa huenda asirudi bingwa. Ambaye hawezi kulikubali hilo, abaki nyumbani.

Tano, nasi viongozi wa misikiti, kijana akija kuomba barua, tumkalishe chini, tumpe maji, tumuulize. Barua bila mazungumzo ni karatasi tu.

Kijana alipokuwa akitoka kikaoni tulimfuata hadi penye viatu, tukamuomba msamaha kwa zile wiki tatu. Alitushika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hakuwa na kinyongo, kisha akauliza kama funguo za lango la uwanja zitakaa kwetu au kwake. Tumempa yeye.